Tahariri: Akili bandia isome maelezo rasmi mbele ya kuwaandikia vijana wa Kongo kode

Mwanafunzi wa informatike anayetayarisha kazi ya mwisho wa masomo, awe Goma, Bukavu, Butembo ao Lubumbashi, siku hizi haanzi tena kwa kufungua silabusi. Anafungua ordinatere, anauliza akili bandia, na kisha dakika mbili kode iko mbele yake. Inaonekana nzuri. Mistari imepangwa, majina yako wazi, hata maelezo mafupi ya Kifaransa yamewekwa pembeni. Anaituma kwenye klaudi ya Amazon, ya Google ao ya Microsoft, na klaudi inaikataa. Ao, jambo lililo baya zaidi, klaudi inaikubali, na mwisho wa mwezi inatuma fakture.

Fakture hiyo ni ya dola. Haiulizi kama mwenye akaunti ni mwanafunzi, haiulizi kama mji wake una benki inayofanya kazi. Ndiyo maana jambo ambalo kwa macho ni la mafundi peke yao, yaani kuunganisha wasaidizi wa kuandika kode na maelezo rasmi ya klaudi, linapaswa kuzungumzwa hapa mashariki mwa Kongo kama jambo la mfuko wa kila siku. Njia ya kuunganisha iko, na kwa sehemu kubwa haiombi hata franka moja. Kinachokosekana ni mashule kuifundisha.

Kwanza ieleweke kwa nini msaidizi anakosea. Akili bandia ya namna hii imefundishwa kwa maandishi mengi sana yaliyokusanywa mpaka tarehe fulani. Kisha tarehe hiyo, haijui kilichobadilika, isipokuwa mtu ameiletea. Wakaaji wa Goma wanaweza kuelewa hilo bila kusoma informatike. Mtu aliyeondoka mji mbele ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021, mbele ya Nyiragongo kulipuka, akipigiwa simu leo aelekeze njia ya Buhene, atataja nyumba na vichochoro ambavyo lava ilifunika. Hasemi uongo. Anakumbuka tu mji ambao hauko tena. Tofauti ni kwamba mtu huyo pengine atasema: «Lakini uliza, mimi nimetoka zamani.» Akili bandia mara nyingi hasemi hivyo. Inaelekeza kwa sauti ileile, ikiwa inajua ao haijui.

Klaudi nazo zinabadilika haraka kuliko mji. Google ilifunga Container Registry, ghala lake la zamani la kuwekea programu zilizofungwa kwa ajili ya kutumwa, tarehe 18 mwezi wa tatu 2025, na kazi hiyo ikahamia Artifact Registry. Kwa miaka mingi masomo na mifano iliyoandikwa kwenye intaneti ilitumia ghala la zamani, kwa hiyo msaidizi anayejibu kwa kumbukumbu anaweza kulirudia bila wasiwasi. Upande wa Amazon, huduma ya Lambda iliacha kuhudumia Node.js 16 tarehe 12 mwezi wa sita 2024. Na chombo cha zamani ambacho waandishi wa JavaScript walikitumia kuzungumza na klaudi ya Amazon, kile cha toleo la 2, kiliacha kupata msaada tarehe 8 mwezi wa tisa 2025. Mwanafunzi anayepewa kode ya namna hiyo atapoteza usiku mzima akitafuta kosa lake, na kosa si lake.

Hayo ni makosa yanayoonekana. Yale ya pesa hayaonekani mpaka siku ya kulipa.

Senti zinazokusanyika

Mpaka mwanzo wa 2024, anwani ya IPv4 inayoonekana kwenye intaneti, ikiwa imefungwa kwenye seva ya Amazon inayotembea, haikuwa na bei ya pekee. Tangu tarehe 1 mwezi wa pili 2024, kila anwani ya namna hiyo inalipwa dola 0.005 kwa saa. Ni nusu ya senti. Lakini mwezi una saa 720, na hesabu inafika dola 3.60 kwa anwani moja. Msaidizi aliyejifunza kwa maandishi ya mwaka 2022 atapanga seva tatu na anwani tatu bila kusema neno.

Kuna mfano mzito zaidi. Katika masomo mengi ya klaudi, mchoro wa mtandao «uliopangwa vizuri» una kitu kinachoitwa NAT Gateway, mlango ambao seva zilizofichwa zinapitia ili zifike intaneti. Kwa kampuni kubwa ni jambo la kawaida. Katika kituo cha Amazon cha Virginia Kaskazini, mlango huo ni dola 0.045 kwa saa, na juu yake kuna bei ya kila gigabaiti inayopita. Hata kama hakuna mtu anayetumia programu, hata kama mwanafunzi amelala, mlango ukiwa wazi mwezi mzima ni dola 32.40. Kwa kijana anayepanga chumba Goma ao Bukavu, pesa hiyo inaweza kuwa kodi ya nyumba ya mwezi. Na programu yake ilikuwa ya kuonyesha jury kwa dakika ishirini.

Tena kuna ile ahadi ya «bure». Kwa muda mrefu kila mtu aliambiwa kwamba akaunti mpya ya Amazon inapata miezi 12 ya kujaribu huduma fulani bila kulipa. Tangu tarehe 15 mwezi wa saba 2025, akaunti mpya zinafuata mpango mwingine: mkopo wa kujaribu unaofika mpaka dola 200, na mpango wa bure unaoisha kisha miezi 6, ao mapema zaidi kama mkopo umekwisha. Anayepanga kazi yake juu ya miezi 12, kwa sababu msaidizi amemwambia hivyo, atashangaa katikati ya mwaka wa masomo.

Jambo moja linaunganisha mifano hii yote. Jibu la kweli lilikuwa limeandikwa. Lilikuwa kwenye kurasa rasmi za kampuni, wazi kwa kila mtu, pamoja na tarehe na bei. Msaidizi hakuzifungua.

Namna ya kumfungulia kitabu

Mwezi wa kumi na moja 2024, kampuni ya Marekani Anthropic ilitangaza protokole inayoitwa Model Context Protocol, ambayo wengi wanaiita MCP. Ni mapatano ya namna akili bandia inavyoweza kuuliza vyombo vingine. Mbele yake, kila kampuni ilipaswa kutengeneza waya wake wa pekee kwa kila msaidizi. Sasa ni kama chaja moja inayoingia katika telefone zote. OpenAI iliikubali mwezi wa tatu 2025, Google ikafuata, na mwezi wa kumi na mbili 2025 protokole hiyo ikawekwa chini ya Linux Foundation, ili isibaki mali ya kampuni moja.

Wenye klaudi waliona faida upesi. Katika mwaka 2025, Microsoft ilifungua seva ya MCP inayosoma kurasa za Microsoft Learn, ambako maelezo ya Azure yanawekwa. Amazon nayo ilitoa seva ya kusoma maelezo yake, kwanza ile ambayo mtu anaiweka mwenyewe kwenye ordinatere yake, kisha nyingine iliyo tayari kwenye intaneti. Cloudflare ilifanya vilevile. Zile za Microsoft na za Amazon zilizo kwenye intaneti haziombi mtu awe na akaunti ya klaudi wala alipe. Mtu anaandika anwani yake katika fishie ndogo ya mipango ya msaidizi, iwe Claude Code, GitHub Copilot, Cursor ao kingine kinachoelewa MCP, na basi. Ni mistari michache kuliko ile ya kuandika barua ya kuomba kazi.

Kinachofanyika kisha hapo si uchawi. Mwanafunzi anauliza namna ya kuweka picha za wateja katika ghala la Amazon. Msaidizi, badala ya kujibu mara moja, anatuma maneno ya kutafuta kwa seva ya maelezo. Seva inarudisha vipande vya kurasa vinavyohusika, pamoja na anwani ya kila ukurasa. Msaidizi anavisoma, kisha anaandika kode akivitegemea. Maarifa yake hayajaongezeka. Amefungua kitabu tu, kama mwanafunzi mwema anavyofanya mbele ya kujibu.

Ni vizuri kusema hapa kwamba kufungua kitabu si sawa na kukielewa. Msaidizi anaweza kutafuta kwa maneno mabaya na kuletewa ukurasa usiohusika. Anaweza kusoma vizuri na bado kuandika vibaya. Ao anaweza kuona kwamba swali ni rahisi na kuacha kuuliza seva, hata kama imeunganishwa. Ndiyo maana wenye uzoefu wanamwandikia kanuni wazi kwamba kwa kila swali la klaudi asome kwanza. Na maelezo ya namna ya kutumia huduma si kila mara yanataja bei. Bei ziko katika kurasa zao za pekee, na zinabadilika kulingana na kituo. Anayeuliza «namna gani» bila kuuliza «bei gani» atapata jibu sahihi la swali moja tu.

Lakini hata pamoja na mapungufu hayo, tofauti ni kubwa. Wachunguzi wa vyuo vikuu vya Marekani walitoa utafiti ulioonyeshwa mwaka 2025 katika mkutano wa USENIX Security. Walijaribu akili bandia 16 zinazoandika kode, na kutengeneza mifano 576,000 ya kode ya Python na JavaScript. Waligundua kwamba mara nyingi kode hiyo iliita paketi ambazo haziko duniani: kwa wastani angalau asilimia 5.2 kwa akili bandia za biashara, na asilimia 21.7 kwa zile zilizo wazi. Majina ya kubuni yalipita 205,000. Hatari si tu kwamba programu haitembei. Mwizi anaweza kusajili jina lile la kubuni, aweke ndani yake kode mbaya, na kungoja vijana waipakue wenyewe.

Basi si ajabu kwamba katika uchunguzi wa Stack Overflow wa mwaka 2025, asilimia 84 ya waliojibu walisema wanatumia ao wanapanga kutumia akili bandia katika kazi yao, huku asilimia 46 wakisema hawaamini usahihi wa majibu yake. Watu wanaitumia bila kuiamini. Kongo haiko nje ya hali hiyo, ila hapa kosa linalipwa mara mbili.

Mega, umeme na karti

Mara ya kwanza linalipwa kwa mega na umeme. Kutuma tena na tena programu inayokataliwa kunakula mega. Kufungua kurasa kumi na tano kutafuta kosa kunakula mega. Na mtu anayefanya hivyo wakati umeme uko karibu kukatika, ao betri iko asilimia 18, anajua kwamba jaribio la tano pengine halitafika. Kipande cha maelezo kinacholetwa na seva ya MCP ni maandishi matupu, bila picha, bila matangazo, bila yale yote yanayofanya ukurasa wa intaneti kuwa mzito. Kinapita hata pale mtandao ni wa kuvumilia. Hapa kuna hesabu ya upande mwingine pia: kila maandishi ambayo msaidizi anasoma yanahesabiwa katika matumizi yake, na kwa anayelipa msaidizi kwa kipimo, kusoma kwingi ni kulipa kwingi. Kwa hiyo kuunganisha seva kumi kwa sababu tu ziko bure si akili. Moja ya klaudi inayotumiwa inatosha.

Mara ya pili linalipwa kwa karti. Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, M23 ilipochukua Goma, mabenki ya mji yalifunga milango. Kijana aliyeandikisha karti ya ndugu yake wa Kinshasa ao wa Kampala ili afungue akaunti ya klaudi hawezi kumwambia kirahisi kwamba mwezi huu Amazon imekata dola 40. Deni la namna hiyo linaharibu mengi kuliko programu. Linagusa ujamaa.

Kuna tena jambo la lugha, ambalo huko nje halizungumzwi sana. Maelezo rasmi ya klaudi yanaandikwa kwanza kwa Kiingereza. Ya Kifaransa yako, lakini mengi yametafsiriwa na mashine. Mwanafunzi aliyesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi, na anayefikiri kwa Kiswahili, alikuwa anapita kando ya maelezo hayo kwa sababu ya uzito wake, na kukimbilia video ya mtu fulani iliyotengenezwa miaka mitano iliyopita. Msaidizi aliyeunganishwa anasoma ukurasa wa Kiingereza wa leo na kuuelezea kwa Kifaransa, ao kwa Kiswahili. Hilo pekee lingetosha kuwashawishi walimu. Kwa mara ya kwanza, kijana wa Uvira anaweza kufika kwenye ukurasa uleule ambao fundi wa Seattle anausoma, siku ileile ulipobadilishwa.

Lakini kuna walimu wanaokataa, na sababu yao si ya kudharau. Wanasema: mwanafunzi anayeletewa kila kitu hatajifunza kusoma maelezo mwenyewe, na siku mtandao utakapokatika hatakuwa fundi wa kitu. Wanaona kazi zinazopelekwa mbele ya jury zikiwa na kode ambayo mwenyewe hawezi kuieleza. Ni kweli. Lakini kumkataza hakujazuia. Wanafunzi wanatumia akili bandia kwa siri, na wanatumia ile mbaya, isiyounganishwa, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha nyingine. Na hapa ndipo kuunganisha kunamsaidia mwalimu kuliko anavyofikiri: msaidizi aliyesoma ukurasa anaweza kutoa anwani yake. Jibu la kumbukumbu halina chanzo cha kuonyesha. Jibu la kusoma linacho, na mwalimu anaweza kumwambia mwanafunzi afungue ukurasa huo mbele ya wote.

Kwa upande wa mtandao kukatika, sehemu kubwa ya maelezo ya Azure iko wazi kwenye GitHub, na mtu anaweza kuipakua yote na kuiweka kwenye ordinatere moja ya maabara. Kuna DevDocs pia, inayokubali maelezo ya lugha nyingi za programu yawekwe kwa matumizi bila intaneti. Seva ya MCP inaweza kutembea kwenye ordinatere hiyohiyo na kusoma fishie zilizo ndani yake. Shule inayoburudisha nakala yake mara moja kwa mwezi, usiku mega zikiwa rahisi, inawapa wanafunzi wake maktaba ambayo haiogopi SNEL.

Jambo moja halipaswi kuchanganywa na haya yote. Seva ya kusoma maelezo na seva inayogusa akaunti ni vitu viwili tofauti, hata kama zote zinaitwa MCP. Ya kwanza inasoma tu. Ya pili inaweza kufungua seva, kufuta ghala, kuwasha ule mlango wa dola 32. Mwezi wa saba 2025, mfanyabiashara wa Marekani Jason Lemkin alieleza mbele ya watu namna msaidizi wa kampuni ya Replit alivyofuta hifadhi ya data iliyokuwa ikitumika, wakati alikuwa ameambiwa wazi asibadilishe kitu. Mkubwa wa kampuni, Amjad Masad, aliomba radhi hadharani. Kama hilo lilimpata mtu mwenye uzoefu na pesa, mwanafunzi wa mwaka wa tatu hana sababu ya kumpa msaidizi funguo za akaunti inayolipwa na karti ya mjomba wake. Kusoma, ndiyo. Kugusa, hapana, mpaka atakapojua anachofanya.

Vilevile, swali linalotumwa kwa msaidizi linaondoka nchini. Klaudi kubwa hazina kituo Kongo. Vituo vya Amazon, Google na Microsoft vilivyo karibu zaidi kwa upande wa kusini viko Afrika ya Kusini, na msaidizi mwenyewe mara nyingi anajibu kutoka mbali zaidi. Anayeandika programu ya hospitali na kubandika majina ya wagonjwa ndani ya swali lake ametuma majina hayo nje. Kongo ina sheria ya mambo ya numerike tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, na ulinzi wa habari za watu umo ndani yake. Ni sheria ambayo wanafunzi wengi wa informatike wangepaswa kuisoma mbele ya kufungua akaunti ya kwanza.

Halafu kuna upande ambao ni wa Wakongo wenyewe. Kijana anayetengeneza duka la intaneti Bukavu hahitaji klaudi peke yake. Anahitaji mteja alipe kwa telefone. Hapo msaidizi ni dhaifu kabisa, kwa sababu mifano iliyoandikwa duniani kuhusu malipo ya telefone ya Kongo ni michache kuliko ile ya Amazon, na penye mifano michache ndipo kubuni kunaanza. Kampuni za simu, mabenki na idara za serkali zinazotaka programu za vijana ziungane na huduma zao zinaweza kuanza na jambo dogo: kuweka maelezo yao wazi, katika maandishi matupu, pamoja na tarehe, bila kudai barua tatu na muhuri mbele ya mtu kuyasoma. Tangu mwezi wa tisa 2024 kuna pendekezo la Jeremy Howard, linaloitwa llms.txt: fishie moja rahisi inayoonyesha akili bandia kurasa zipi zisomwe. Haliombi mashine mpya. Linaomba mtu mmoja akae siku mbili aandike vizuri.

Kwa vyuo vikuu, kazi ni ndogo zaidi. Hakuna haja ya kungoja programu mpya ya masomo itoke Kinshasa. Vipindi viwili vya maabara vinatosha: kimoja cha kuunganisha msaidizi na maelezo ya klaudi moja, kingine cha kuweka onyo la bajeti kwenye akaunti, ili barua ya kuonya ifike kabla dola tano hazijapita. Na kwenye kazi za mwisho wa masomo iongezwe karatasi moja nyuma, inayoandika kila ukurasa rasmi uliotumiwa na siku uliposomwa. Jury haitahitaji kujua kama kode iliandikwa na mtu ao na mashine. Itauliza: hapa umeweka NAT Gateway, ni ukurasa gani ulikuambia uiweke, na ulisoma bei yake siku gani?